Wa Kwanza kwa Alama Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Vipindi vinne leo: Kiswahili viwili, hesabu viwili. Kiswahili nimekisomea. Hesabu nilipewa mwaka jana, mwalimu wake alipohamishwa. Mkuu wa shule alinikabidhi kitabu akasema mimi nina subira. Tangu siku hiyo nanakili mifano ubaoni kama ilivyo, na Kidato cha Tatu wananakili kutoka kwangu. Leo ilikuwa pembe za duara. Mvua ikapiga bati mpaka sauti yangu ikapotea. Nilishukuru.

Binti yangu Bupe anakaa safu ya pili. Darasani ananiita madam kama wenzake.

Alhamisi, 6 Machi

Bupe alinyoosha mkono. Jibu lake na la kitabu hayalingani. Akauliza amekosea wapi. Nilitazama daftari lake muda mrefu. Sikuona alipokosea. Sikujua hata kama amekosea. Nikamwambia afuate kitabu.

Jioni tukichagua mchele akaniuliza tena. Nikamkaripia, ya shule yabaki shule. Akainamia mchele. Naona haya.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu Gwakisa amerudi kutoka Tukuyu na habari. Dada yake amepata nafasi ya Bupe katika shule moja huko. Nafasi ni moja tu. Walimu wa hesabu wapo wawili, maabara ipo. Wanataka uhamisho ukamilike kabla ya mwisho wa mwezi. Aliongea huku anavua mabuti yenye matope, anacheka peke yake. Sijamwona hivyo tangu kokoa ilipoanza kuoza kwa kukosa jua.

Mimi pia nilifurahi. Kisha nikaanza kufikiri. Wenzangu ofisini watoto wao wanasoma Mbeya, au bado wadogo. Mtoto wa mwalimu shuleni kwetu ni Bupe peke yake. Nikimtoa, kila mzazi atajua maana yake.

Barua ya kuomba uhamisho nimeiandika. Ipo kwenye pochi. Mkuu sijampa.

Jumanne, 11 Machi

Matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula yamebandikwa. Hesabu, Kidato cha Tatu: Bupe ni wa kwanza. Kapata kumi na tisa kwa mia.

Walimu wamenipongeza. Mmoja alinishika mkono kabisa.

Nyumbani nikamwambia hongera, mwanangu, umekuwa wa kwanza. Akaniuliza: "Wa kwanza wa nini, mama?" Hakuwa na jeuri. Alitaka kujua.

Ijumaa, 14 Machi

Mkutano wa wazazi. Sijawahi kuona wengi hivi, na mashambani kuna maji. Wengine wamesimama nje, madirishani. Walimu tulikaa mbele tukiwatazama. Gwakisa alikuwa upande wao, benchi la tatu.

Mzee mmoja alisoma matokeo kwa sauti, wastani wa kila somo. Akauliza kama mtoto anakuja shule kusoma au kuota jua. Mkuu alieleza kuwa ameomba mwalimu wa hesabu halmashauri mara nne. Ni kweli, barua nimezichapa mimi. Hawakumsikiliza.

Kisha akasimama Mama Zuhura. Ni mama wa vitenge pale Ipinda, anayechukua mzigo ng'ambo, Malawi, kwa ndugu zake. Zuhura wake na Bupe wanakaa dawati moja. Hakupiga kelele. Alisema: "Mimi nina swali dogo. Nyie walimu, watoto wenu mnawasomesha wapi?"

Mkuu akanigeukia. "Mwalimu, wewe mtoto wako yuko hapa. Hebu waambie wazazi."

Nilisimama. Pochi ilikuwa miguuni, barua ndani. Nikasema Bupe wangu yuko hapa, na katika hesabu ni wa kwanza. Nikasema, ningeona shule haifai ningemwacha? Sauti haikutetemeka. Watu wakapiga makofi, na mkutano ukapoa.

Gwakisa hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia mabuti yake.

Jumamosi, 15 Machi

Gwakisa amenisemesha mara moja tu, asubuhi: "Umemfungia mtoto mlango kwa mdomo wako." Kisha akaenda shamba. Bupe amefua nguo zote za nyumba, hata zilizo safi. Kumbe alikuwa dirishani jana. Alinisikia.

Jumatatu, 17 Machi

Saa ya chai Mama Zuhura alikuja shuleni na mkungu wa ndizi mbivu kichwani. Akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, Mama Bupe." Asante sana, kwa Kinyakyusa. Anasema kaka yake alimpatia Zuhura shule Mbeya na alikuwa anasubiri mkutano ili aamue. Juzi alimpigia kaka akamwambia basi, asihangaike. "Kama wa kwako yupo, wa kwangu atabaki."

Nilipokea ndizi. Nikasema karibu tena.

Walimu wamezila. Mimi nilisema tumbo linauma.

Jumatano, 19 Machi

Nimefundisha na sikumbuki nini.

Nikikaa kimya, Bupe atafika Kidato cha Nne hajui, na aliyemfanya hivyo ni mimi. Nikimtoa, Mama Zuhura atakuwa amempotezea mwanawe nafasi kwa neno langu. Nikisema ukweli, mkuu atakuwa amevuliwa nguo mbele ya wazazi, na bado mwalimu wa hesabu hayupo. Kila upande ukuta. Na kila ukuta tofali nimelichoma mimi mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda Ipinda baada ya vipindi. Mama Zuhura alikuwa anakunja vitenge maana wingu lilishakuwa jeusi. Akanivutia kigoda. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaongea mambo mengine.

Nikamwambia yote. Kwamba siku ya mkutano barua ya kumhamishia Bupe Tukuyu ilikuwa kwenye pochi yangu. Kwamba hesabu nafundisha mimi na siijui. Kwamba huyo wa kwanza amepata kumi na tisa.

Aliendelea kukunja. Akamaliza kimoja, akachukua kingine.

"Nilimpigia tena kaka jana," akasema. "Nilitaka kumsalimia tu. Nafasi ameshachukua mtoto wa jirani yake."

Nikasema nisamehe, dada.

"Hiyo ya Tukuyu bado ipo?"

Nikasema ipo.

"Basi mpe Zuhura. Wako si anasoma vizuri hapa? Ulisema mwenyewe."

Mvua ikaanza. Akasema: "Nenda, mwalimu. Utalowa." Ndiyo mara ya kwanza kuniita mwalimu.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani sikuimba. Baada ya ibada nimempigia wifi. Hakuna nafasi ya pili. Nikauliza kama inaweza kupewa mtoto mwingine. Akashangaa. Gwakisa alikuwa karibu, akasikia. Hakunifokea. Alisema jambo moja, na nimelibeba siku nzima: kosa ni langu, nisimlipishe Bupe.

Bupe mwenyewe alisema Zuhura aende. Akasema haraka haraka, kisha akaingia chumbani. Nilimfuata. Alikuwa anakagua daftari zake moja moja, anazipanga. Mtoto anataka kwenda.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempa mkuu barua. Aliisoma, akavua miwani. "Unaniacha uchi, mwalimu. Wazazi nitawaambia nini?" Nikamwambia nitawaambia mwenyewe, mkutano ujao, na sababu nitazitaja. Alisema nitaandika barua ya kujieleza. Nikasema sawa. Akachukua kalamu. Akasaini.

Mimi ni mama niliyechagua wangu. Niandike hivyo, nisijidanganye na hapa pia.

Alhamisi, 27 Machi

Bupe amekwenda. Gwakisa amemsindikiza. Zuhura alikuja kumuaga, wakakumbatiana pale barabarani mpaka gari likapiga honi. Mimi Zuhura alinisalimia kwa adabu. Shikamoo, madam. Macho yake hayakunifikia.

Ofisini hakuna anayenisemesha zaidi ya lazima. Sokoni watu wananyamaza nikipita. Yule mzee aliyesoma matokeo mkutanoni aliniuliza kwa Kinyakyusa, kwa upole kabisa, kama nimemaliza kumhamisha wangu.

Ijumaa, 28 Machi

Leo kitabu nimekifunga. Nimewaambia Kidato cha Tatu kwamba pembe za duara sizielewi, kwamba nimekuwa nanakili. Nilifikiri watacheka. Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Tunajua, madam."

Wanajua. Siku zote hizi.

Jumapili, 30 Machi

Nimeendesha baiskeli hadi Talatala. Kuna mwalimu wa shule ya msingi pale, Tumpe, umri wake karibu nusu ya wangu, alisomea hesabu na ajira ya sekondari hakupata. Nimemwomba anifundishe kila Jumamosi. Alidhani natania. Akakubali.

Kurudi nikapitia kwa Mama Zuhura. Nikamwambia naenda kusoma, Zuhura akitaka twende naye. Hakunikaribisha. Alisema amesikia.

Jumamosi, 5 Aprili

Saa mbili asubuhi Zuhura alikuwa amesimama njiani kwake, daftari kifuani, kandambili mkononi kwa ajili ya matope. Mama yake mlangoni. Hakunipungia mkono, hakuingia ndani pia.

Tukashika njia ya Talatala. Maji yamepungua, mpunga umeanza kuinama. Kwa Tumpe tulikaa benchi moja barazani, mimi na yeye, kama wanafunzi wawili. Tumpe alichora duara kwa mkaa kwenye ubao mdogo. Akaeleza polepole. Akatupa swali, kila mtu alifanye peke yake.

Nilifuta mara tatu. Zuhura alimaliza mapema akaweka kalamu chini. Alinitazama nilivyokwama. Kisha akalisogeza daftari lake kidogo upande wangu, nione.