Njia ya Chini ya Michai

Kapsoit,
Mwezi wa Nane

Dada yangu Nyamusi,

Nakusalimu wewe, shemeji na wote wa nyumba yako. Natumaini baridi ya Nyamira haijakurudishia kile kifua, na kwamba Mama bado anafika kanisani bila kushikwa mkono. Mimi niko. Ninakula, ninalala kidogo, na nikiulizwa habari hujibu nzuri kama watu wengine.

Siku ya mazishi ya mwanangu Mokaya ulinivuta nyuma ya jikoni ukaniuliza ilikuwaje. Nilikuangalia tu. Najua ulidhani nimekukasirikia. Sikuwa na hasira, dada, nilikuwa sina mdomo. Kwa simu pia siwezi, maana nikisikia sauti yako nalia, nawe unalia, na hakuna linalosemwa. Kwa hivyo nimeandika, na jirani yangu Nyamwange atakuletea akija nyumbani.

Zamani hapa kambini kwetu wachuna chai kulikuwa na nyumba ya kampuni ya kulelea watoto tukiwa kazini. Mashine za kuchuna chai zilipokuja, wachunaji wengi walipunguzwa, na nyumba ile ikafungwa kwa sababu, walisema, tuliobaki ni wachache. Lakini sisi wachache tulikuwa na watoto. Ndipo tukaanza kuwapeleka kwa Rebeccah.

Rebeccah ni mama wa Kikipsigis aliyechuna chai mpaka mabega yake yakakataa. Alikuwa na chumba kimoja cha mabati nyuma ya maduka, na chai ya kampuni inaanzia hapo hapo karibu na mlango wake. Watoto wote walimwita Kogo, yaani nyanya, na hata yule wangu aliyekuwa bado anatafuta maneno, hilo alilijua. Shida yake Rebeccah ni kwamba hakujua kukataa mtoto. Mama akimfikia asubuhi amelowa, mtoto mgongoni, na nyapara huko juu ameshaanza kuita majina, yeye alinyoosha mikono akapokea. Chumba kikajaa mpaka wengine wakawa wanalala chini ya meza. Tuliona. Kila mmoja wetu alitamani mwenzake ndiye apeleke wake kwingine. Ua wake ulikuwa wa fito, na upande wa chai ulikuwa umelala chini. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulisema tutautengeneza.

Yaliyotokea siku ile ya Mokaya niliyasikia kwa Rebeccah mwenyewe. Kiplimo, mtoto wa rafiki yangu Nelvine, aliamka na joto. Baada ya uji macho yakageuka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Ilikuwa degedege. Rebeccah aliita majirani, lakini ilikuwa siku ya soko na milango yote ilikuwa imefungwa. Alikuwa mtu mzima peke yake na chumba kizima cha watoto. Akambeba Kiplimo akimbie naye barabarani kutafuta bodaboda ya kwenda dispensari.

Alipofika mlangoni alisimama. Akiufunga, jiko la uji lilikuwa linawaka ndani, na sote tunajua habari za watoto walioungua nyumba ikiwa imefungwa kwa nje. Akiuacha wazi, watatoka. Aliniambia alisimama hapo Kiplimo akimtetemekea mikononi, halafu akauacha wazi, akawaambia watoto waketi, akakimbia.

Kiplimo alipona. Daktari alisema angechelewa kidogo tu angekufa. Rebeccah alimwacha kwa nesi, akarudi mbio, akawahesabu watoto, na Mokaya hakuwepo.

Mimi najua alikokwenda. Kila jioni alikuwa akisimama kwenye ule ua uliolala, ananiona nikitokea kwenye chai. Kwake yeye, mama yake alikaa humo. Basi alipopata mlango wazi alikuja kunichukua.

Dada, wewe umezoea chai za watu wa nyumbani, zenye nafasi. Hii ya kampuni imeshikana juu kama meza. Mtu mzima hapiti ila kwenye mistari ya wachunaji. Lakini chini, kwenye mashina, kuna nafasi ambayo mtoto mdogo anapita akiwa wima, na mtu aliye juu haoni hata jani likitikisika. Waliniita nikiwa kwenye mizani ya kupimia majani. Tuliingia sote, wanawake na wanaume, Wakipsigis na sisi Wakisii, tukaita jina lake mpaka koo zikakauka. Halafu mvua ya mawe ikaja kama inavyokuja huku kila alasiri, na juu ya yale majani ilipiga kelele hivi kwamba sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Tulikuwa juu tunaita, naye alikuwa chini yetu.

Giza lilitukuta humo. Asubuhi Johana, mlinzi wa kampuni, alimwona karibu na mfereji, mbali kuliko tulivyodhani mtoto anaweza kwenda. Alikuwa amelala kwa ubavu kama anavyolala nyumbani. Bado alikuwa na joto kidogo kwapani. Tulimfunga ndani ya sweta zetu, tukapata gari. Njiani alifungua macho akaniangalia. Watu wananiambia hiyo ni baraka, kwamba aliniona. Sijui. Tulipofika Kericho mjini alikuwa amekwisha.

Yaliyofuata uliyaona, ila haya hukuyaona. Tulipokuwa huko nyumbani kuzika, kina mama walivunja mlango wa Rebeccah na kumwaga sufuria zake. Chifu akaamuru pafungwe. Niliporudi, Rebeccah alikuja kuniaga, anahamia kwa mtoto wake kule Soin. Hakulia. Aliketi kwenye ndoo, akaniuliza kwa upole kabisa, “Mellen, ningemwacha Kiplimo afe?”

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nimejaribu kulijibu swali hilo nikifua, nikipika, nikiomba. Kila siku jibu ni lile lile, na kila siku silipendi.

Baadaye tuliitwa mkutano. Alikuja mama mmoja wa serikali, mtu mpole, akatueleza kwamba watoto wadogo hawawezi kuachiwa mtu mmoja, kwamba lazima pawe na ua imara na geti, kwamba moto hauwashwi wanapolala. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Valary, yule wa mapacha, akauliza ni nani atajenga huo ua na ni nani atakuwa mlezi wa pili. Mama yule akasema wazazi tujipange, akamsalimia kila mtu kwa mkono, akaondoka.

Tulijipanga namna gani? Wengine walienda kwenye chai na watoto mgongoni, nyapara akawarudisha. Wengine wakawafungia nyumbani na sahani ya ugali. Ungepita hapa kambini mchana ungesikia vilio nyuma ya makufuli, mlango huu na ule. Kazi yangu ilikwenda nilipokuwa nikiomboleza, jina likatolewa. Mume wangu Omosa naye alikwenda Narok kwenye ngano wiki ile ile tuliyorudi, na kwa simu simpati. Nadhani hawezi kuniangalia. Simlaumu, hata mimi kioo nimekigeuza ukutani.

Sasa nikuambie ninalolizunguka tangu nianze.

Asubuhi moja Nelvine alibisha mlangoni. Tangu mazishi alikuwa akiniona anageukia njia nyingine, kwa sababu wake yuko na wangu hayuko. Siku hiyo alikuwa amembeba Kiplimo. Akamweka chini mbele yangu, akasema akiangalia viatu vyake, “Sina pa kumpeleka. Wewe hutaruhusu mtoto apotee.” Akaenda kazini. Mtoto alinishika gauni. Nilimwingiza ndani. Kesho yake Valary akaleta mapacha. Halafu wengine. Dada, wale watoto wa Rebeccah sasa wako kwangu, karibu wote, katika chumba hiki unachokijua, na mimi niko peke yangu. Chifu anajua. Anapita akiangalia upande wa pili.

Na ninawafunga. Niliapa hakuna atakayeingia kwenye chai. Nilipasua leso zangu, nikawafunga kiunoni wale wote wanaotembea, na ncha ya pili nikafunga kwenye miguu ya kitanda. Mwanzo walilia. Sasa wakifika asubuhi wanainua mikono wenyewe ili niwafunge. Mama zao wanaona alama jioni wakiwaogesha, na hakuna aliyeniuliza. Mmoja alinishukuru.

Lakini nje kunanyesha na sina jiko lingine, kwa hivyo uji wao ninaupikia humo humo. Juzi, wakiwa wamelala, nilijiambia tuseme moto umeshika, nione. Nikaanza kufungua mafundo kwa haraka, moja baada ya lingine. Sikufika nusu. Nilijua kabisa ni nani ningemfungua kwanza na ni nani angebaki. Nikayafunga tena. Ningefanya nini? Mlango uko pale na chai iko pale.

Nyamwange ananiambia unafikiria kumleta Obure wako akae nami, nipate mtoto wa kunitoa upweke, nawe upate nafasi ya kutafuta kazi. Najua umefikiri kwa mapenzi. Usimlete, dada. Hata nikikupigia simu siku moja nikakuomba umlete, usikubali.

Msalimie Mama sana. Haya mengine usimsomee. Mwambie nimepata kazi ya kulea watoto, na kwamba wananipenda. Atafurahi, na si uongo. Wasalimie shemeji na watoto, kila mmoja kwa jina lake, na ukipita penye kaburi, lipalilie kwa niaba yangu kabla nyasi hazijawa ndefu.

Ni mimi mdogo wako,
Mellen