Mtutu wa Bunduki ya Pilipili

Mandawa, Ruangwa,
21 Aprili 2024.

Mpendwa mdogo wangu Faridi,

Assalaam alaykum. Mgongo wako umepoa? Na Hafidha hajambo na baridi ya huko Durban? Mama bado anakwenda kisimani kwa miguu yake, alhamdulillahi. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haupo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikianza tu nalia, na habari haifiki.

Uliyoyasikia kuhusu shemeji yako Abdulkarimu ni kweli. Tembo wamemuumiza.

Kijiji kilipewa bunduki ya hewa, zile ambazo huko kwenu watu huchezea kwa kupigana vipira vya rangi. Vyetu vina pilipili ndani. Kipira kikimpasukia tembo anawashwa, anageuka. Shemeji yako ndiye aliyekabidhiwa. Lakini mtutu ulikuwa mfupi, vipira vinakwenda upande, ikawa lazima awasogelee mno. Kikundi chetu cha kulinda mashamba kikaamua kununua mwingine.

Muuzaji alituletea miwili tuchague, mmoja mrefu mwembamba, mwingine mpana kidogo. Titus, askari wetu wa wanyamapori, akatuonyesha: weka kipira ndani ya mtutu. Kikianguka chenyewe, ni mpana mno. Ukipuliza kikatoka, huo ndio wenyewe. Tulijaribu uani kwetu, bado kiangazi, na ule mwembamba ukakubali. Shemeji yako akalenga kopo juu ya mkorosho, akalipata. "Mama Munira, mwaka huu tunavuna," akaniambia. Ungemwona alivyocheka!

Masika yakaja. Vipira vikaingia unyevu, vikavimba kidogo tu, kwa macho huwezi kutambua. Hakuna aliyefikiria kupuliza tena.

Tembo waliingia kwenye mahindi asubuhi, jua limeshatoka. Abdulkarimu alisimama mbali, akiuamini mtutu wake. Kipira cha kwanza kikapasukia humo humo ndani. Cha pili kikatoka bila nguvu, kikadondoka miguuni pake. Nilimwona anautikisa mtutu huku anakohoa, pilipili imemjaa machoni. Nikapiga kelele, "Baba Munira, kimbia!" Alikimbia, Faridi, ila haoni, akakimbilia kulekule kwa jike lenye mtoto.

Nyonga imevunjika. Hospitali kule Nachingwea wamesema huenda asitembee tena. Sasa yuko nyumbani, anatazama ukuta. Namlisha, anatema. Titus alikuja kumwomba radhi, analia kama mtoto. Shemeji yako akamjibu, "Mtutu ulikuwa mzuri, Titus," akageukia ukutani. Hajasema neno jingine tangu hapo.

Mahindi yamekwisha. Ufuta sijui kama utafika mavuno, na wenzetu wa Nandagala wengine wameshaacha mashamba. Kikao cha kikundi kimenituma nikuombe utafute huko mtutu mpana, unaopitisha hata kipira kilichovimba. Ujumbe wao nimeufikisha.

Ombi langu mimi ni jingine. Usitume kitu. Njoo. Wewe alikuwa akikuita mwanangu hata mbele ya ndugu zake. Labda akisikia sauti yako mlangoni atageuza uso. Mimi nimemwita mpaka nimechoka.

Mama na Munira wanakusalimu sana. Nisalimie Hafidha. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akufikishe salama, umkute bado yupo.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwanawetu