Mgawa Sauti wa Bomani

Dodoma, Bomani
3 Novemba 1911

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, wasiwasi wangu ni juu yenu, hasa macho ya Mama.

Bwana Luteni, mkuu wa bendi yetu, amekataa tena kunipa cheti cha ruhusa ya kuja nyumbani. Wazungu wanaandaa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, kwa ajili ya sikukuu ya Kaisari mwezi wa Januari. Nyimbo zimetoka Ulaya zikiwa zimeandikwa kwa kinanda tu, na hapa kinanda hakuna. Kazi yangu ni kumgawia kila mpigaji sauti yake: hii ya filimbi, hii ya tarumbeta kubwa. Nikimaliza mchezo mmoja, Luteni analeta mwingine. Mvumi ni mwendo wa siku moja tu, Baba! Lakini nikitoroka ni kiboko, na askari watakuja kukukamata wewe.

Mwanao, Yotham

Mvumi
20 Novemba 1911

Mwanangu Yotham,

Marahaba. Sisi tupo, ng'ombe wapo, mvua bado. Mwalimu Sila ndiye ananiandikia, na ananikodolea macho nisiseme mengi.

Mama yako sasa anaona mwanga tu. Sura za watu zimempotea. Anataka kuiona yako kabla mwanga nao haujakwisha.

Shida yako umejifanya fundi mno. Haribu kazi! Andika ovyo wakufukuze, uje nyumbani.

Baba yako, Matonya

Dodoma, Bomani
29 Januari 1912

Baba,

Shikamoo. Natumaini Mama bado anaona kidogo.

Nilifanya ulivyosema. Kurasa za wimbo wa mwisho niliwapa wapigaji asubuhi ya mchezo, nikiwa nimezikosea makusudi, ili sauti zigongane mbele ya wageni. Nikasahau kwamba vijana wale ni Wagogo wenzetu, wamekulia kwenye nyimbo. Sauti ikikaa vibaya hawavumilii. Kila mmoja aliiacha karatasi akatafuta mahali pake kwa sikio, mpaka wimbo ukawa mtamu kuliko ule wa Ulaya. Wageni walisimama kupiga makofi.

Seth peke yake, niliyemfundisha mwenyewe kusoma nota, alipuliza yote kama nilivyoandika. Amefukuzwa palepale. Mimi nimeongezewa miaka mitatu ya kazi, tena Dar es Salaam. Treni ni Ijumaa.

Nimelia, Baba. Seth ndiye analeta barua hii. Mpokeeni vizuri, kosa ni langu.

Mwanao, Yotham

Mvumi
2 Februari 1912

Mwanangu,

Salamu zangu zikufikie huko ulikopelekwa. Mimi sijambo.

Mwanga wa mama yako ulikwisha wiki iliyopita. Leo Seth amefika. Mama yako kasikia hatua za kijana mlangoni, akaita jina lako. Mimi nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilitaka afurahi. Seth naye akapiga magoti mbele yake.

Mama yako akampapasa paji la uso, mashavu, masikio.

"Huyu si wangu," akasema.

Seth akataka kuinuka. Mama yako akamshika mkono, akasema, "Lakini mwacheni akae."

Ninavyoandikisha barua hii, bado hajamwachia.

Baba yako, Matonya