Duka la Raphaël Lililofungwa Mara Mbili

Baraka, Eneo la Fizi,
Kivu Kusini.
Tarehe 9 Agosti 2024

Mpendwa Baba mdogo Bonaventure,

Pokea salamu nyingi kutoka kando ya ziwa, wewe pamoja na mama mdogo Arlette na mdogo wangu Patrice, hapo Lubumbashi. Natumaini kile kifua kinachokusumbua kila msimu wa vumbi kimetulia. Je, Patrice amepanda darasa? Hesabu anaziwezaje? Nauliza habari ya hesabu kwa makusudi, na sababu yake utaiona mbele.

Sisi huku tu wazima, kwa neema ya Mungu. Mama Félicité anaendelea kuanika ndagala ufukweni, na samaki si haba mwaka huu. Baba yako, Babu Casimir, bado anatembea bila fimbo, ingawa jicho lake la kushoto limeanza kufunga ukungu. Mimi nilitetea tasnifu yangu mwezi wa pili, kule Bukavu, kuhusu usafirishaji wa bidhaa kwa boti za ziwani, na jopo likanipatia distinction, yaani alama za juu. Nakutajia hilo si kwa kujisifu, bali ili ujue kwamba haya nitakayoyaeleza nimeyachunguza kwa utaratibu, wala si maneno ya sokoni.

Nakuandikia kuhusu duka.

Chumba cha nyuma unakikumbuka. Tangu uondoke, meza ya Babu imekua hadi inagusa kuta tatu. Reli zake ndogo zinatoka Kalemie, zinapita Nyunzu, zinafika Kabalo, njia ileile aliyoendeshea treni kwa miaka thelathini akiwa mashinisti. Daraja amelisuka kwa spoku za baiskeli. Milima ni magunia yaliyopakwa udongo wa Lubondja, kwa sababu anasema udongo wa Baraka hauna rangi ya kweli. Chini ya meza ametandika mkeka mmoja wa zamani ambao haruhusu mtu kuuondoa. Sote twadhani ni wa kudaka skrubu zinazoanguka.

Injini, mabehewa, hata taa za njiani, vyote vilitoka kwa mzee Raphaël, mwenye duka la treni ndogo mjini Kalemie. Babu humkabidhi Norbert, mbeba mizigo wa boti za Kazimia, gunia la maharage au mfuko wa ndagala wakavu, na Norbert hurudi na kifurushi chenye muhuri wa duka. Mambo yalikwenda hivyo mwaka baada ya mwaka, bila hitilafu.

Mwezi wa tatu kilifika kifurushi chenye mabehewa mawili na barua fupi iliyopigwa chapa: «Kwa mteja wetu mwaminifu. Duka linafungwa. Tunakushukuru kwa miaka yote.» Majuma matatu baadaye injini ikasimama karibu na Nyunzu. Haijasogea hadi leo. Kila asubuhi Babu anavaa kofia yake ya reli, anaketi mbele ya meza, anaifuta injini kwa kitambaa, kisha anatoka. Chakula anakigusa tu. Baba mdogo, yule mzee anazimika mbele ya macho yetu. Nilimwahidi kwamba kabla ya mvua za mwezi wa tisa nitakuwa nimempatia duka lingine.

Muuzaji wa kwanza nilimpata kwenye simu. Alinitumia picha za injini tatu, akidai moja iko Dubai, ya pili Bujumbura, ya tatu Dar es Salaam. Nilizikuza picha hizo. Katika zote tatu kulikuwa na kikombe kilekile cha bluu chenye mpini uliovunjika. Nikamwomba aniwekee injini juu ya gazeti la siku hiyo, apige picha nyingine. Hakujibu tena.

Wa pili alikuwa mchuuzi wa Uvira. Nilimwandikia bayana kwamba upana wa reli zetu ni milimita kumi na sita na nusu, naye akaapa kwa majina ya watoto wake. Injini ilipofika ikadumbukia katikati ya reli. Babu aliitazama kidogo tu. «Hii iko ya batoto,» akasema. «Peleka kwa batoto.»

Wa tatu hakuwa muuzaji. Ni Gordien, mkimbizi kutoka Burundi anayetengeneza redio karibu na soko. Aliifungua injini mbele yangu, akanionyesha vipande viwili vya makaa vinavyoingiza umeme kwenye mota: vimelika kabisa. Alisema anaweza kuchonga vingine kutoka kwenye kile kijiti cheusi cha ndani ya betri ya tochi, ila nimwachie injini kwa siku mbili. Sikupendezwa na siku hizo mbili. Niliandika karatasi ya makabidhiano, nikanakili namba ya injini, kisha nikamtaka aniachie kadi yake ya ukimbizi kama dhamana.

«Weye dada,» akasema, «mi nikiiba hii mashini, nitakimbilia nayo wapi? Reli yote iko kwenu!»

Wateja wake walicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani na injini yangu mkononi.

Ndipo nikaamua kwenda kwenye chanzo. Mwezi uliopita nilipanda boti hadi Kalemie, nikiwa na anwani iliyo kwenye muhuri, nikiamini kwamba mzee Raphaël, hata kama amefunga, ataniambia alikuwa akiagiza wapi. Kwenye anwani ile nilimkuta mama mmoja, Rosette, katikati ya vitenge.

«Raphaël gani?» akauliza.

«Raphaël wa treni ndogo. Nasikia amefunga mwezi wa tatu.»

«Mwezi wa tatu? Mutoto wangu, ule alikufaka. Niko humu sasa ni mwaka ya ine.» Akaitazama kalamu yangu na daftari. «Uko mutu ya taxe?»

Nilimhakikishia kwamba mimi si mtu wa kodi, nikamwonyesha muhuri. Akaucheka. «Ee, hii naijua. Mujane wake aliuzisha vitu vyote kwa mwanaume moja ya Lubumbashi. Ule mwanaume alichukua mpaka muhuri. Namuuliza, muhuri ya marehemu utafanya nayo nini? Alikuwa anakohoa tu.»

Niliandika daftarini: Lubumbashi. Kikohozi.

Fikiria hali yangu nilipokuwa njiani kurudi. Kwa miaka minne tumekuwa tukipokea vifurushi kutoka kwa mfu, na mfu huyo akapata hata adabu ya kutuandikia barua ya kufunga duka. Boti ilipotua Kazimia nilimtafuta Norbert, nikamkuta akipakia samaki.

«Norbert, vifurushi vya Babu unavitoa wapi?»

«Kwa duka.»

«Duka la nani?»

«Ya Raphaël.»

«Raphaël amekufa.»

Akaanza kufunga upya kamba ambayo tayari ilikuwa imefungwa. «Ketsia, mi nabeba muzigo. Siulizake muzigo jina ya baba yake.»

«Na maharage ya Babu yanakwenda wapi?»

«Yanakuliwa,» akasema, akaingia ndani ya boti, akajifanya anahesabu majaketi ya kujiokolea.

Nyumbani niliingia moja kwa moja chumba cha nyuma. Babu hatupi karatasi za vifurushi, hujengea nazo. Paa la stesheni ya Kabalo amelibandika kwa ukurasa wa daftari la shule, nami nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kuinama kulisoma. Safari hii niliinama. Ni hesabu za kugawanya, tatu zikiwa na alama nyekundu za mwalimu, na pembeni, kwa mwandiko wa mtoto, jina la Patrice likifuatiwa na jina la ukoo wetu.

Baba mdogo, kwa heshima yote ninayokupa kama mdogo wa marehemu baba yangu, nakuuliza: je, wewe ndiwe duka?

Ikiwa ndiwe, sababu ya kujificha naielewa. Mama yako alipofariki, hukufika kwenye matanga. Ulieleza habari ya barabara, ulieleza habari ya kazi, na Babu hakusikiliza hata moja. Alitamka mbele ya ukoo wote kwamba asiyeketi kwenye mkeka wa matanga ya mama yake asithubutu kuleta zawadi katika nyumba hii, hata chumvi. Redio uliyotuma Noeli ile ilirudi na boti ileile iliyoileta. Nilikuwepo.

Ninachohofia ndicho hiki. Babu akitambua kwamba nusu ya reli ile imetoka mkononi mwako, ataivunja. Atairudisha behewa kwa behewa, na mwenyewe ataketi mbele ya meza tupu. Kwa hiyo sijamwambia neno. Hata hivyo kuna jambo linalonitia mashaka kuliko yote: kwa nini umefunga? Umechoka kuuza kwa jina la mtu mwingine? Au kifua kimekuwa kibaya, nanyi mnatuficha?

Tarehe 10 Agosti

Niliishia hapo jana, kwa sababu Babu aliingia chumba cha nyuma akanikuta nikiandika. Aliuliza ni barua ya nani. Nilisema ni barua ya kuomba kazi. Akavuta kiti. «Soma, nisikie Kifaransa yako.»

Nilikosa pa kupita, maana barua haikuwa ya Kifaransa wala ya kazi. Nilimsomea salamu, nikamsomea habari ya ndagala na ya tasnifu, nikaruka hadi mchuuzi wa Uvira. Akainua kidole.

«Soma na ile umeruka.»

Basi nilisoma yote, hadi swali la mwisho. Alipoinuka, mimi niliwahi nikasimama kati yake na meza.

«Unakinga nini?»

«Meza, Babu.»

«Toka hapo. Kwani mi nitavunja Kabalo?» Akanisogeza kwa mkono, akagusa lile paa. «Raphaël alipokufa, boti zilileta habari hata matanga yake haijaisha. Mashinisti asijue gare gani, stesheni gani, imefungwa? Na hii karatasi nani alibandika? Jicho lenye ukungu ni moja, si mbili.»

«Kumbe ulijua. Lakini Babu, ulisema asilete zawadi.»

«Zawadi, ndiyo. Ile neno sijarudisha. Mi nilipewa zawadi? Nilinunua! Kila kifurushi nilitoa maharage, nilitoa ndagala. Duka ni duka.»

Nilimkumbuka Norbert aliposema kwamba maharage yanakuliwa. Sasa najua yameliwa mezani kwenu, Baba mdogo, kwa miaka minne, na ninyi mkijua yametoka shamba gani.

Babu aliketi, akaishika injini muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: «Sasa alifunga sababu ya nini? Maharage ya mwisho ilikuwa na wadudu?»

Jibu unalo wewe.

Leo asubuhi alinituma nimpelekee Gordien injini. Nimempelekea bila karatasi ya makabidhiano. Aliniuliza kama kadi yake ya ukimbizi naitaka sasa au jioni, na safari hii nilicheka, tena nikamwomba radhi mbele ya wateja walewale. Niliporudi, Babu alinitaka nishike kalamu, nami nanakili maneno yake kama yalivyotoka:

«Mwandikie mwenye duka hivi. Makaa ya Gordien itafikisha mashini Nyunzu. Ya kuifikisha Kabalo, alete yeye. Muteja wa Baraka hakubali duka kufungwa kwa barua. Duka inafungwa mbele ya muteja. Aje na ule muhuri. Na aambiwe mukeka ya mama yake sijakunja. Iko chini ya meza, palepale nilitandika siku ile. Hakuna mutu mwingine amekalia.»

Niliinama kuutazama. Hakuna skrubu hata moja juu yake. Kumbe huufagia.

Boti za kutoka Kalemie zinafika hapa Jumanne na Ijumaa. Ukija, chochote utakachobeba, usikiite zawadi, kitajie bei. Tangu aliponyamaza Babu yuko uani na ungo mapajani, anachambua maharage punje kwa punje, kila punje akiisogeza karibu na jicho la kulia.

Nisalimie sana mama mdogo Arlette, na umpe Patrice pongezi zangu: hesabu zake zimeezeka stesheni. Mama Félicité anawasalimu, na Norbert pia, ingawa naamini yeye salamu zake hukufikishia mwenyewe. Mungu aliyekulinda huko mbali akufikishe hapa ukiwa na pumzi ya kutosha.

Ni mimi mwanao nikupendaye, na nitakayeendelea kukushuku hadi nikuone ukishuka botini,

Ketsia