Mtoto Niliyemjua kwa Harufu

Wifi yangu mpenzi,

Asante kwa kunilelea mwanangu, na kwa soksi. Zinanienea sasa kwa kuwa miguu imenywea.

Daktari anasema kile kifafa cha mimba kilifanya ubongo uvimbe, ndiyo maana nilijifungua sioni kitu. Protini ya damu nayo ilishuka mno, maji yakawa yanavuja kwenye mishipa na kunivimbisha mwili mzima. Sasa inapanda. Wananilisha mayai mpaka muuguzi ananitania, "Mama, wewe utaanza kutaga."

Macho yamerudi tangu Jumatatu. Nimeona pazia, nimeona kucha zangu. Picha ya mwanangu uliyotuma nimeiona pia, wifi, na moyo haukushtuka. Niliona mtoto wa watu.

Kaka yako anataka ukae na mtoto mpaka nipate nguvu. Hapana. Mlete Jumamosi. Usimwogeshe kwa sabuni ya manukato, wala usimpake poda. Nilipokuwa namnyonyesha gizani nilimjua kwa harufu ya utosi wake. Nitafumba macho, nawe umlaze kifuani pangu. Nikishamjua, ndipo nitayafumbua.

Ni mimi,
mama yake