Kikaango cha Jumamosi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pokea na salamu za Mama, ambaye amekaa hapa pembeni yangu anachambua mchele na kunikumbusha kila ninapoinua kalamu kwamba niulize habari za goti. Haya, nauliza: goti linaendeleaje? Kaka aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za nyumba yake bila kushika ukuta, na kwamba umeshaanza kumgombeza mkewe kwa jinsi anavyokata vitunguu. Hapo nikajua umepona. Sisi huku hatujambo. Presha ya Mama imetulia, paa la stoo halivuji tena, na paka wako amenenepa mpaka kuruka kwenye kaunta imekuwa shughuli.

Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza. Barua utaisoma mpaka mwisho, maana nakujua, huwezi kuacha kitu nusu.

Kaka amenifikishia maneno yako. Amesema habari zimekufikia kwamba sili nyama, na kwamba kipande cha kikaango cha Jumamosi nawapa wengine. Amesema umetamka kwamba kama ni kweli, nimkabidhi binamu, mtoto wa shangazi, funguo za bucha kabla mwezi haujaisha, kwa kuwa bucha ambayo mwenyewe anaikataa nyama yake haina uso wa kutazama wateja. Sikujibu haraka kwa sababu nilitaka nijibu vizuri. Ni kweli, Baba. Sili nyama. Na funguo sitoi.

Usiikunje barua kwanza. Nisikilize.

Ulipoondoka kwenda kutibiwa goti kwa Kaka uliniachia visu vyako vyote, gogo la kukatia, mizani, na desturi yako. Najua desturi ile ndiyo uliyoipenda kuliko mizani. Kila Jumamosi asubuhi, duka likiwa limejaa, unakata kipande kwenye paja lolote linaloning'inia, unakikaanga kwa chumvi tu kwenye kile kikaango kidogo, unakila mbele ya watu, kisha unasema unachowauzia ndicho unachokula. Watu walikuwa wanakuja hata kama hawana haja ya nyama siku hiyo. Nami niliiendeleza. Nilikuwa nakula, nasema maneno yako yale yale, na wateja wanacheka kwamba sauti ni ya baba mtupu.

Kisha akaja ng'ombe mmoja mwekundu, ameteremshwa kwenye lori akichechemea mguu wa nyuma. Nilimpa maji na chumvi kama ulivyonifundisha. Akaulamba mkono wangu mpaka chumvi ikaisha, halafu akaendelea kuulamba mkono mtupu. Kila nilipokwenda uani alinifuata kwa mguu wake ule mbovu. Asubuhi yake nilifanya kazi yangu, na niliifanya vizuri, ungeniona ungejivuna. Sikulia wala sikutetemeka. Lakini mchana nilipoketi mezani mkono ulikataa kwenda mdomoni. Nikajiambia nimechoka. Kesho yake ukakataa tena. Mwishowe nikaacha kubishana nao. Niliona kwamba katika kifo cha mnyama yule nilikuwa nimeshachukua sehemu yangu kwa kisu, na sikutaka kuchukua nyingine kwa meno.

Jumamosi zilizofuata nilikuwa nakaanga kipande, halafu nampa Mama Mapacha, kwa kuwa ndiye huwa wa kwanza kwenye foleni. Nilijifanya ni heshima kwa mteja wa zamani. Yeye alifurahi sana na akaanza kuja na ndimu yake. Lakini yule jirani yetu wa bucha ya pili, wewe mwenyewe ndiye uliyembandika jina la Kilo Pungufu, ana macho. Akaona kwamba mdomo wangu haushughuliki, na akapata la kusema.

Maneno yakaanza kutembea. Kwanza ilikuwa kwamba huyu binti hali nyama yake, kuna kitu anakijua. Wiki haikupita ikawa ninaosha nyama kuukuu kwa dawa. Halafu ikawa nanunua mizoga. Wateja wakaanza kunisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Siku moja nilimwona fundi cherehani, mtu aliyekuwa ananunua maini kwako tangu sijazaliwa, anapita mlangoni kwetu na mfuko wa Kilo Pungufu ameuficha ndani ya koti, nao unadondosha damu kwenye kiatu chake. Iliniuma, Baba. Jioni ile nilifunga mlango nyama ikiwa bado kwenye kulabu kama nilivyoitundika asubuhi, na nikaona kabisa kwamba duka lako linaweza kufia mikononi mwangu.

Binamu alikuja kunishauri. Aliniambia kipande kimoja kwa wiki si kitu, nifumbe macho, nimeze, nitabasamu, mambo yaishe. Kusema kweli ushauri wenyewe ulikuwa mwepesi na ulinivutia. Nilimgeukia Mama nikitegemea ataniambia hivyo hivyo. Mama alikaa kimya, na wewe unajua Mama kukaa kimya ni habari ya kutangazwa.

Basi Jumamosi ikafika, na duka likajaa kuliko siku zote, maana watu walikuja kuangalia sinema. Kilo Pungufu mwenyewe alisimama mlangoni na kijiti mdomoni. Niliwasha jiko. Nikakata kipande kwenye paja, nikatia chumvi, nikakaanga, nikakiweka kwenye sahani juu ya kaunta. Nikawaambia kwamba mimi sili nyama, si ya duka hili wala ya duka lolote, na sababu si uchafu wala ugonjwa, ni yangu na wanyama. Nikawaambia nyama iliyo mbele yao ni safi, na mwenye shaka asiangalie mdomo wangu, aangalie mikono yangu. Nikawaalika wote, Jumatatu alfajiri, waje machinjioni waone. Mtu mmoja akacheka. Wengine wakaangalia viatu vyao. Mama Mapacha alisogea mbele, akakamua ndimu yake, akala kile kipande, akauliza kama kuna kingine.

Nilidhani hatakuja mtu. Jumatatu nilimkuta fundi cherehani getini amejifunga skafu, Mama Mapacha yuko na kiti chake kabisa, na yule mwalimu mstaafu wa mtaa wa nyuma. Kilo Pungufu naye alikuja, kutafuta kasoro.

Waliona unavyofanya wewe, Baba, kwa mikono yangu. Waliwaona wanyama wetu wamelala wamepumzika tangu jana yake, wamekunywa maji. Waliona ninakwenda kunoa kisu nyuma ya ukuta, kwa sababu ulinifundisha kwamba mnyama anaijua sauti ile. Waliona ninamleta mmoja mmoja nyuma ya turubai ili mwenzake asione. Niliweka kiganja kwenye paji la uso wake nikangoja mpaka pumzi ikatulia. Halafu mara moja tu. Na upande wa pili wa uzio, bila mimi kusema neno, waliwaona vijana wa Kilo Pungufu wanasokota mikia na kupiga kwa nondo, na mnyama wao analia mpaka wetu wanainua masikio. Fundi cherehani alivua kofia. Kilo Pungufu akakumbuka kwamba ana safari.

Mwalimu alikwenda kuegemea mti, na tulipoondoka aliniambia kwamba amekula nyama maisha yake yote na hii ndiyo mara ya kwanza kuhudhuria. Tangu siku hiyo hajanunua nyama. Fundi cherehani amerudi, ananunua maini yake, ila kidogo kuliko zamani, na anayafunga vizuri kana kwamba ni kitambaa cha mteja. Mama Mapacha ananunua vile vile na kuongeza, na amenionya nisimtazame kwa huruma anapochagua mbavu. Wengi wamerudi. Mizani yako inafanya kazi. Na palipokuwa na lile friji bovu nimeweka magunia ya maharage, choroko na dengu. Ndiyo, Baba, maharage, ndani ya bucha yako. Pumua. Mwalimu ndiye mteja mkuu wa upande huo na anabishana bei kuliko mtu wa nyama.

Sitakuficha kwamba si wote walionipigia makofi. Mdogo wangu alikuja likizo kutoka chuoni. Siku hizi hagusi nyama, mayai wala maziwa, na chai anainywa ya rangi huku akitutazama sisi wengine kama wagonjwa. Nilitegemea atanikumbatia. Badala yake aliniambia mimi ni mbaya kuliko Kilo Pungufu, kwa sababu Kilo Pungufu hajui afanyalo na mimi najua, na bado nachinja. Nilikasirika nikamwambia aoshe vyombo alivyochafua. Lakini usiku ule nililifikiria neno lake, kwa sababu lina meno. Kesho yake nilimjibu kwamba watu wa mtaa huu watakula nyama kesho hata mimi nikiondoka leo, na mnyama atakayeletwa kesho hatauliza kama mshika kisu ana msimamo, atajua tu kama mkono una huruma au hauna. Nikamwambia siku watakayoacha kununua nitafunga kulabu zangu bila kinyongo na kubaki na maharage. Hakukubali. Sikukubali na mimi. Aliondoka na kilo kadhaa za choroko nilizompa bure, na nina hakika amewasimulia wenzake kwamba dada yake ni mtu wa ajabu. Nami najivunia yeye pia, ingawa usimwambie.

Mama ameingia ndani kupika, kwa hiyo sasa naandika lile lililonifanya nichukue kalamu.

Jana nilimwambia kwamba nakuandikia kukataa kutoa funguo, na kwamba naogopa. Aliweka ungo chini akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Kisha akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilikuona unakula nyama mezani kwetu. Nilikumbuka jino. Jino lako, Baba, lile lililokuwa linauma kila nyama ikipakuliwa. Ulikuwa unasukuma sahani yako kwetu, unasema nyama ina nyuzi na jino halitaki, unabaki na mboga na maharage, na sisi tunapigania vipande vyako kama vifaranga. Tulikua tukijua kwamba baba yetu ana jino bovu na moyo mkubwa. Mama akaniuliza ni jino gani linalouma kwa nyama lakini halisikii kitu likifungua chupa za soda.

Akanieleza yote. Kwamba uliacha ungali kijana, mwaka ule ule uliposhika kisu, na hukumwambia mtu ila yeye. Kwamba ulihofu watu watasema yale yale waliyosema juu yangu. Kwamba kikaango cha Jumamosi ulikianzisha ili asije mtu akauliza. Nikakumbuka kwamba kila ukimaliza maneno yako ulikwenda stoo na jagi la maji, ukasimama umeelekea ukutani, na mimi nikadhani ni chumvi.

Nilikasirika kidogo, nisikudanganye. Unanitaka funguo kwa jambo ambalo wewe umeishi nalo miaka yako yote ya kazi! Lakini hasira haikufika jioni. Niliwaza ile Jumamosi baada ya Jumamosi, mtu anameza kile ambacho moyo wake umekikataa, ili sisi tupate ada na viatu, na asubuhi ya Jumatatu bado anaweka kiganja kwenye paji la uso wa mnyama na kungoja. Nilidhani mimi ni wa kwanza katika ukoo huu. Kumbe hata hili nimelichukua kwako. Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa mtu kama nilivyojivuna jana, nimekaa kwenye gunia la maharage nalia na kucheka pamoja na Mama.

Sikusuti, Baba. Najua kwa nini umesema nimpe binamu funguo. Ulitaka kuniepusha na ulichokiogopa. Lakini kimeshanipata, nimesimama mbele yao na kusema, na duka bado liko wazi.

Mpe Kaka salamu nyingi, na mkewe mwambie akate vitunguu anavyotaka. Watoto wabusu. Dawa ya goti usiiache kwa sababu tu umejisikia nafuu. Kaka amesema Ijumaa ana gari la kuja huku, basi panda. Kikaango chako nimekisugua kwa mchanga mpaka kimerudi rangi yake. Jumamosi asubuhi nitakaanga viazi, vingi, mbele ya wateja wote, na nitaweka sahani mbili juu ya kaunta. Utakula mpaka ushibe, na hutahitaji kwenda stoo kunywa maji.

Ni mimi bintiyo uliyempa jina kwa kukunolea visu,

Kinoo, mwenye funguo.