Makasi Sikushika

Bukavu-Nguba, tarehe 14 Oktoba 1973

Mpendwa mudogo wangu Floribert,

Pokea salamu zetu kutoka huku kando ya ziwa. Baridi ya Bruxelles inakutesa bado? Na kile kikohozi? Sisi tuko wazima, mama yetu, maman Bibiane, analala vizuri. Mimi ndiye silali. Wiki nzima naamka, nakaa, nasimama, nazunguka nyumba. Chanzo ni wewe.

Zile filme tatu ulizompa Padiri Stanislas zilifika. Uliandika kwamba zote zinaonyesha maisha ya kweli ya Ulaya baada ya vita, ati ni ndugu. Ndugu wa namna gani?

Ya Waitalia sikuhitaji hata kuieleza kwa Swahili. Wanaocheza ni watu wa mtaani wenyewe, ukuta uliobomoka ni ukuta uliobomoka, na baba akitafuta kazi kamera inamufuata hatua kwa hatua mpaka achoke. Mama mumoja wa kijiji cha Miti alisema, "Huyu ni muzungu, lakini njaa yake naijua." Ya Waingereza nayo ni kiwanda, jikoni, mume na mke wakigombana juu ya sahani. Wanasema sana, lakini tulifuata.

Halafu ile ya Wafaransa, Jumapili iliyopita. Barabarani vilevile, kamera mukononi. Lakini inaruka! Musichana anaanza kuvua koti, paf, amekwisha kunywa kahawa. Nilihesabu: miruko hamsini na tatu.

Unajua desturi yetu ya ukumbi wa parokia. Miaka kumi na moja, watu wa filme wakitaka kubusiana, naweka kiganja mbele ya lensi, kama mapadiri walivyoagiza. Basi watu wakapiga kelele: "Tonton Edouard, rudisha mabusu yetu!" Donatien wa komite ya ukumbi akasimama, akaninyoshea kidole: "Amekata filme kwa makasi!" Mimi! Niliyeanza kwa kufagia ukumbi ule, nikajifunza mashini ya kuonyesha filme peke yangu, bila diplome ya mutu!

Kesho yake nikapima. Sanduku la filme linasema metre 972, maana yake dakika themanini na nane na nusu. Nikaizungusha yote ukumbi ukiwa tupu, saa mukononi: themanini na nane na nusu, hakuna kilichopungua. Donatien akajibu kwamba saa yangu ni ya kizee. Jumamosi komite itaamua kama mashini wampe yeye.

Kwa nini hukuniambia, mudogo wangu? Neno moja tu: wameikata wenyewe, makusudi. Ningewaeleza watu mbele. Hata hivyo sasa naielewa. Muitalia anatembea na mutu mpaka mwisho wa barabara. Mufaransa anasimulia kama mutu mwenye hasira, anashika hiki, anaacha kile. Mimi mwenyewe nakumbuka Jumapili ile hivyo: kidole cha Donatien, kisha niko nyumbani. Njia niliyopita siijui.

Nilitaka uwaandikie komite. Lakini barua hii itachukua siku kumi na nane, na komite itakaa baada ya siku sita tu. Tena maman ameniuliza: "Kama hukukata, ule mukono ulikuwa unafanya nini miaka yote?"

Ijumaa ile ya Wafaransa naionyesha tena, nzima, mukono mufukoni. Padiri sijamuuliza.

Maman anakusalimu sana, dada Nsimire na shemeji Emile pia. Bwana akufunike kwenye baridi hiyo.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda na bado amekukasirikia,

Edouard